Forester na wapinzani wake: je, magurudumu manne yanalipa?

Kila Januari soko la magari yaliyotumika nchini Kenya hubadilika kwa siku moja. Shirika la Viwango la Kenya (KEBS), kwa kufuata kiwango cha KS 1515:2000, halikubali gari lililopita miaka minane tangu liliposajiliwa mara ya kwanza. Mwaka 2025 mpaka ulikuwa Januari 2018, na mwaka 2026 ukasogea hadi Januari 2019. Kwa mnunuzi wa Vitz au Fielder hilo ni jambo la kuongeza fedha kidogo. Kwa anayetafuta gari la familia la ukubwa wa kati linalosukumwa na magurudumu yote manne, hesabu nzima imevurugika.

Sababu ni kwamba gari lililokuwa likitawala kundi hilo, Subaru Forester ya kizazi cha nne, ilikoma kuuzwa mpya Japani mwaka 2018. Ile yenye injini ya cc 2,000, ambayo huikosi katika maegesho yoyote ya Nairobi, Nakuru au Eldoret, haipiti tena bandari ya Mombasa. Inayopita ni ya kizazi cha tano, iliyoanza kuuzwa Japani Julai 2018. Jina ni lilelile, lakini injini, matengenezo na bei vimebadilika.

Upande wa Dar es Salaam hakuna ukuta wa umri. Tanzania huliruhusu gari kuukuu liingie, kisha hulitoza. Uganda imepiga marufuku tangu mwaka 2018 magari yaliyozidi miaka 15, na Rwanda, inayotaka usukani wa kushoto, imekaa nje ya soko hili la Japani. Kwa hiyo gari lilelile linaweza kuwa chaguo bora Arusha na lisiwe chaguo kabisa ukishavuka mpaka wa Namanga.

Makala hii inaipima Forester dhidi ya magari yanayogombea fedha ileile: Toyota RAV4, Nissan X-Trail, Mazda CX-5 na Honda CR-V. Swali letu si lipi zuri zaidi likiwa limeoshwa na kuegeshwa yadi. Tunauliza ni nani anapata faida kwa kulipia magurudumu manne, na ni nani anayalipia bure.

Gari linalopimiwa wengine

Forester ilizinduliwa mwaka 1997 na kampuni ya Fuji Heavy Industries, ambayo Aprili 2017 ilibadili jina na kuitwa Subaru Corporation. Huundwa Ota, katika jimbo la Gunma. Sifa yake katika Afrika Mashariki ilipandwa na magari madogo kuliko hilo. Subaru Impreza ilishinda Safari Rally mwaka 1997 ikiendeshwa na Colin McRae, na mwaka 2000 na Richard Burns. Kabla ya hapo, Mkenya Patrick Njiru alikuwa amekwisha kulifanya jina hilo kuwa la nyumbani. Kijana aliyesimama kando ya barabara ya vumbi Naivasha akitazama magari ya buluu yakipita ndiye baba wa familia wa leo, na anapopata fedha ya gari lenye buti kubwa na viti vya watoto, anaikumbuka Forester.

Kumbukumbu pekee haziuzi gari kwa miaka 20. Kuna mambo mawili ya kiufundi yanayoitofautisha Forester na kundi lake.

La kwanza ni injini. Silinda za Subaru hulala kifudifudi, mbili kila upande, badala ya kusimama. Uzito wote unakaa chini na katikati, na gari refu kwenda juu linapata utulivu wa gari fupi kwenye kona. La pili ni kwamba shafti inayopeleka nguvu nyuma inatoka moja kwa moja kwenye giaboksi na haipumziki. Katika Forester yenye giaboksi ya CVT, yaani otomatiki isiyo na hatua za gia, nguvu hugawanywa kwa kawaida asilimia 60 mbele na 40 nyuma, kisha kompyuta huhamisha kadiri ya hali ya barabara. Gari halisubiri gurudumu liteleze ndipo liamke.

Ongeza kimo cha tumbo cha milimita 220 kutoka ardhini, kikubwa kuliko cha karibu kila mpinzani, na mfumo wa X-Mode ulioanza na kizazi cha nne, unaotumia breki kuzuia gurudumu linalozunguka bure na kusaidia gari kuteremka mteremko polepole. Kwa mwenye shamba Laikipia au Mbulu, mvua inapogeuza udongo mweusi kuwa sabuni, hivi ni vitu vinavyoamua kama mtu atalala nyumbani kwake au njiani.

Wapinzani wanavyosukuma

RAV4, X-Trail, CX-5 na CR-V wana asili moja. Ni magari yaliyobuniwa kusukumwa na magurudumu ya mbele, yakaongezewa nyuma klachi inayoendeshwa kwa umeme. Barabarani pakavu, gurudumu la nyuma linafuata tu au linasaidia kidogo. Mbele inapoteleza, au kompyuta inapohisi kwamba itateleza, klachi hubana na nyuma huanza kusukuma. Faida ni mafuta, kwa kuwa sehemu nyingi hupumzika. Hasara huonekana kwenye tope refu, kwa kuwa klachi ikibana kwa muda mrefu hupata joto na baadhi ya magari huizima ili isiungue.

RAV4 ndiyo inayoaminika zaidi na ndiyo ngumu zaidi kupatikana. Wengi hawajui sababu. RAV4 ya kizazi cha nne, iliyouzwa duniani kati ya mwaka 2012 na 2018, Toyota haikuiuza Japani. Wajapani waliendelea na kizazi cha tatu hadi mwaka 2016, na aliyetaka kitu kipya akaelekezwa kwenye Harrier. Ndiyo maana barabara za Nairobi na Dar es Salaam zimejaa Harrier na zina RAV4 chache za miaka hiyo. RAV4 ilirudi Japani Aprili 2019 ikiwa kizazi cha tano, yenye injini ya petroli ya cc 2,000 au haibridi ya cc 2,500. Kwa mpaka wa Kenya wa mwaka 2026, zote za kizazi hicho zinapita. Baadhi ya matoleo yake, kama Adventure, yana uwezo wa kugawa nguvu kati ya gurudumu la kushoto na la kulia la nyuma. Toleo la haibridi la magurudumu manne halina shafti kwenda nyuma kabisa. Nyuma kuna mota ya umeme inayojitegemea.

X-Trail ya kizazi cha tatu, ya kuanzia Desemba 2013 hadi mwaka 2022, ndiyo inayompa mwenye familia nafasi nyingi kwa fedha kidogo. Yapo matoleo ya viti saba, na viti vyenye kitambaa kisichopitisha maji, jambo ambalo mzazi wa watoto watatu halihitaji kuelezwa. Dereva ana kitufe cha kuzungusha chenye hatua tatu: magurudumu mawili, otomatiki, na kufunga. Katika kundi hili, X-Trail ndiyo inayomwachia dereva uamuzi mwingi zaidi. Doa lake ni giaboksi ya CVT, na tutairudia.

Mazda CX-5 ilianza mwaka 2012, na kizazi cha pili kikafuata mwaka 2017. Ina kimo cha milimita 210, na ndiyo pekee kati ya hizi inayotumia giaboksi ya otomatiki ya kawaida ya gia sita badala ya CVT. Kwa mafundi wetu huo ni mtaji mkubwa. Ndani ina umaridadi unaokaribia magari ya Ujerumani. Tatizo ni kwamba Japani iliuza CX-5 nyingi za dizeli ya cc 2,200, na hizo ndizo zinazoonekana rahisi mnadani. Injini hiyo hujaza masizi kwenye njia za hewa na ina kichujio cha moshi kinachohitaji safari ndefu na dizeli safi ili kijisafishe. Nchi za Afrika Mashariki zilishusha salfa ya dizeli hadi sehemu 50 kwa milioni mwaka 2015, hatua kubwa, lakini Japani inatumia dizeli iliyo safi zaidi ya hapo. Gari la kwenda shule, sokoni na kurudi katika foleni za Mbagala au Thika Road ndilo litakaloziba kichujio upesi. Kwa familia ya mjini, CX-5 ni ya petroli.

Honda CR-V haitajwi sana, na huenda ndiyo siri ya kundi hili. Honda iliiondoa Japani mwaka 2016, ikairudisha Agosti 2018 ikiwa na injini ya turbo isiyofika cc 1,500. Ina toleo la magurudumu manne na toleo la viti saba. Tarakimu hiyo ya cc, kama tutakavyoona, ina thamani mbele ya ofisa wa forodha.

Kuna pia ndugu wa Forester, Subaru Outback, ndefu na ya chini kidogo, yenye injini ya cc 2,500 katika kizazi kilichouzwa kuanzia mwaka 2014. Kwa safari ndefu za lami, tuseme Nairobi hadi Kisumu au Dar es Salaam hadi Mbeya, na mizigo ya familia nyuma, Outback humpita ndugu yake kwa utulivu. Kwenye korongo la kuingia kijijini, ule urefu wa pua na mkia unamgharimu.

Ushuru unaanza kuchagua kabla yako

Mnunuzi hudhani anachagua gari, kumbe sheria ya kodi imekwisha kumpunguzia orodha.

Tuchukue Kenya. Gari lenye thamani ya forodha ya Sh1,000,000 hulipa ushuru wa forodha wa asilimia 35, yaani Sh350,000. Juu ya jumla hiyo huja ushuru wa bidhaa: asilimia 25 kwa injini inayozidi cc 1,500, na asilimia 20 kwa isiyozidi. Kisha VAT ya asilimia 16 juu ya vyote. Ongeza ada ya tamko la uagizaji ya asilimia 2.5 na tozo ya reli ya asilimia 2, zote juu ya thamani ya forodha.

Ukijumlisha, Forester, RAV4, X-Trail au CX-5 ya thamani hiyo inadaiwa Sh1,002,500. Serikali inachukua zaidi ya bei ya gari lenyewe. CR-V ya turbo, kwa thamani ileile, inadaiwa Sh924,200. Tofauti ni Sh78,300, zinazotosha tairi na matengenezo ya kwanza. Ikumbukwe kwamba Mamlaka ya Mapato ya Kenya (KRA) haitumii bei uliyolipa Japani. Inaanza na bei ya gari jipya katika orodha yake, kisha inapunguza kwa umri. Ukibahatika mnadani, kodi yako haishuki kwa bahati hiyo.

Mpaka huo wa cc 1,500 una mtego wake. Magari mengine yaliyo chini yake, kama Volkswagen Tiguan ya petroli ya cc 1,400 iliyouzwa Japani katika kizazi cha pili, yanasukumwa na magurudumu ya mbele pekee. Anayeona umbo la gari la porini na ushuru mdogo anaweza kudhani amepata vyote viwili. Aangalie chini ya gari kama kuna difu nyuma.

Tanzania inatumia mizani nyingine. Ushuru wa forodha ni asilimia 25. Ushuru wa bidhaa ni asilimia 5 kwa injini ya cc 1,001 hadi 2,000, na asilimia 10 kwa inayozidi hapo. VAT ni asilimia 18. Kisha unakuja ushuru wa uchakavu: asilimia 15 kwa gari la miaka minane hadi 10, na asilimia 30 kwa lililozidi 10.

Kwa gari la cc 2,000 lenye thamani ya forodha ya Sh10 milioni, kodi hizo kuu tatu zinafika karibu Sh5.49 milioni kabla ya tozo ndogondogo. Gari hilohilo likiwa limezidi miaka 10, deni linapanda hadi karibu Sh9.91 milioni. Kwa hakika thamani ya gari kuukuu huwa ndogo, na ndiyo maana Forester za kizazi cha tatu na cha nne bado zinashuka melini Dar es Salaam. Lakini mnunuzi anayejivunia bei ya chini ya mtandaoni ajue kwamba karibu nusu ya kodi yake ni adhabu ya umri, na gari lenyewe linaingia likiwa limebakiza maisha machache.

Kwa Mtanzania, basi, Forester ya cc 2,000 ya mwaka 2016 hadi 2018 bado ina mantiki kama hesabu ya umri itafanywa kabla ya kulipa. Kwa Mkenya, mlango huo umefungwa, na aliye nayo tayari anashika mali ambayo haiongezeki tena.

Forester mpya na maswali mapya

Kizazi cha tano kilikuja Japani bila ile injini ya kawaida ya cc 2,000, na bila ile ya turbo ya XT iliyopendwa na vijana. Kulikuwa na ya cc 2,500 ya petroli na ya cc 2,000 ya haibridi iitwayo e-BOXER. Oktoba 2020 ikaongezwa ya turbo ya cc 1,800.

Haibridi hiyo ndiyo inayohitaji tahadhari. Mota yake ya umeme ni ndogo, ya nguvu za farasi 13 na kitu. Husaidia gari kuondoka na kupunguza mafuta kidogo, lakini haibadilishi hesabu kwa kiasi ambacho jina la haibridi linaahidi. Betri yake imewekwa nyuma chini ya sakafu ya buti, mahali ambapo tairi la akiba lingekaa. Badala ya tairi, mnunuzi hupewa kifaa cha kuziba pancha. Mwenye kusafiri kati ya Isiolo na Marsabit, au kati ya Singida na Manyoni usiku, aamue mwenyewe kama kopo la gundi linamtosha.

Takwimu rasmi za Japani zinaonyesha tofauti hiyo waziwazi. Forester ya cc 2,500 ilipimwa kwa kilomita 13.2 kwa lita, na e-BOXER kilomita 14. RAV4 ya petroli ya toleo la Adventure ilipata 15.2, na RAV4 haibridi ya magurudumu manne ikapata 20.6. Hakuna atakayezipata namba hizo katika foleni ya Ubungo au Mombasa Road, lakini mpangilio wao haubadiliki. Anayetaka haibridi ya kweli yenye magurudumu manne, Toyota imemwacha Subaru mbali. Anayetaka Forester achukue ya cc 2,500, alipie mafuta yake bila kinyongo, na apate gari rahisi zaidi kulielewa.

Bili zinazokuja baadaye

Hapa ndipo magurudumu manne yanapolipiwa kila mwaka, na ndipo wengi hujutia.

Anza na tairi. Mfumo unaosukuma mbele na nyuma kwa wakati mmoja unataka matairi manne yenye mzingo unaolingana. Subaru hutaka tofauti isizidi takriban milimita 6. Mazoea yetu ya kununua tairi moja moja, au mawili mapya mbele na kuacha vipara nyuma, yanailazimisha klachi ya katikati kufanya kazi ya kufidia tofauti hiyo saa zote, hata kwenye lami kavu. Mwishowe gari huanza kusitasita linapokata kona ya maegesho, na hapo fundi ameshapata kazi. Mwenye gari la magurudumu mawili akipasua tairi ananunua moja au mawili. Mwenye Forester ajiandae kwa manne.

Giaboksi ya CVT ni bili ya pili. Forester, X-Trail, RAV4 ya petroli na CR-V ya turbo zote zinatumia aina hiyo. Hofu yake mitaani imezidi ukweli, lakini ina msingi. Marekani, Nissan ililazimika kurefusha dhamana ya CVT za miaka ya 2003 hadi 2010 kutokana na kuharibika. Sehemu kubwa ya uharibifu wa huku kwetu hutokana na oili. CVT inataka oili yake maalumu, ya Nissan kwa Nissan na ya Subaru kwa Subaru, na fundi anayemimina oili ya otomatiki ya kawaida kwa sababu ndiyo iliyopo dukani anaua giaboksi kwa mkono wake. Mafundi makini huibadilisha kila kilomita 40,000 hadi 60,000, hata kama kitabu cha Kijapani kinasema haihitajiki. Kwa upande huu CX-5 inapumua vizuri kuliko wote.

Kisha kuna injini ya Subaru yenyewe. Zile za zamani za familia ya EJ, zilizomo katika Forester nyingi za Tanzania, hutumia mkanda wa taimingi unaopaswa kubadilishwa kila kilomita 100,000, na zile za cc 2,500 zisizo na turbo zina historia ya kuvuja gasketi ya silinda hedi. Za familia ya FB, zilizoanza mwaka 2010, zina cheni badala ya mkanda, ingawa za mwanzo zilikuwa na tabia ya kula oili, na nchini Marekani kesi ya wateja kuhusu jambo hilo ilimalizika kwa makubaliano mwaka 2016. Kubadilisha plagi ni kazi inayochukua muda, kwa kuwa zimejificha ubavuni karibu na chasisi. Hakuna lolote kati ya haya lisilotibika. Ila yanataka fundi wa Subaru hasa. Nairobi wamejaa, Arusha na Moshi wapo, Kampala utampata mwenye spea zake Kisekka. Mtu wa Kigoma, Lindi au Lodwar afanye utafiti wa fundi kabla ya utafiti wa gari.

Toyota inashinda hapa bila kutoa jasho. Spea za RAV4 na Harrier zinapatikana Kirinyaga Road, Kariakoo na karibu kila mji wenye stendi ya mabasi. Siku ya kuuza, jina Toyota hupunguza maswali ya mnunuzi. Subaru ina wapenzi, na wapenzi hulipa vizuri, lakini ni lazima umpate mmoja wao.

Mwisho, suala la kuvutwa. Magari haya yakiharibika yabebwe juu ya lori lenye sakafu. Kuinyanyua Forester mbele na kuburuta matairi ya nyuma kilomita 50 ni kugeuza kosa la betri kuwa kosa la giaboksi.

Theluji inayofika Mombasa

Kuna jambo ambalo madalali hawalitaji. Japani, mtu wa Tokyo au Osaka hana sababu kubwa ya kununua magurudumu manne. Wanaoyanunua kwa wingi ni watu wa Hokkaido, Tohoku na pwani ya bahari ya Japani, kwenye theluji. Barabara zao wakati wa baridi humwagwa chumvi, na chumvi hula chuma kutoka chini. Kwa hiyo gari la 4WD lina uwezekano mkubwa kuliko la magurudumu mawili wa kufika likiwa linang'aa juu na limeoza chini.

Dawa yake ni karatasi ya mnada. Gari lenye daraja la 4 au 4.5 limetunzwa, daraja la R maana yake lilipata ajali na kutengenezwa sehemu ya kiunzi. Lakini usiishie kwenye daraja. Soma maelezo ya mkaguzi kuhusu kutu, na mtake muuzaji atume picha za chini: mikono ya kusimamishia magurudumu, bomba la moshi, difu ya nyuma, na mahali mabomba ya breki yanapopita. Muuzaji anayekataa kutuma picha hizo amekwisha kukujibu.

Angalia pia tarehe. Magari Japani hukaguliwa baada ya miaka mitatu ya kwanza, kisha kila miaka miwili, ukaguzi wenye gharama. Wenye magari wengi huyauza kabla ya ukaguzi wa tatu au wa nne, yaani gari likikaribia miaka saba au tisa. Mkenya anapata ya kundi la kwanza, Mtanzania anapata ya kundi la pili. Kwa thamani ya yen, iliyoporomoka mwaka 2024 hadi zaidi ya 160 kwa dola, kiwango ambacho hakikuonekana kwa zaidi ya miaka 30, magari hayo yalikuwa rahisi Japani kuliko yalivyoonekana yadini huku. Anayeagiza mwenyewe alinganishe bei ya yen na ile ya yadi kabla ya kukubali maneno kwamba dola imepanda.

Hukumu

Ukipima uwezo wa kupita pabaya, Forester inashinda. Hakuna mpinzani katika kundi hili mwenye mfumo unaofanya kazi wakati wote, kimo cha milimita 220 na uzito wa chini kwa pamoja. Mwalimu wa Lushoto, daktari wa Kabale, mkulima wa chai wa Kericho au mfanyabiashara wa Makete anayepita udongo kila wiki, masika na vuli, anapata thamani ya kila senti. Aliye Kenya achukue ya cc 2,500 ya mwaka 2019 au 2020. Aliye Tanzania achukue ya cc 2,000 ambayo haijafika miaka minane au iliyopita hapo kidogo, na aiache ya zaidi ya miaka 10.

Ukipima fedha kwa miaka mitano, RAV4 inashinda, hasa haibridi, kwa mafuta, spea na bei ya kuuzia. Bei ya kuinunua ndiyo kikwazo, na asiyeimudu asikope kwa ajili yake.

Familia kubwa yenye mfuko wa wastani iangalie X-Trail na itenge fedha ya oili ya CVT tangu siku ya kwanza. Mwenye kuishi kwenye lami na kwenda kijijini Krismasi na Idi, CX-5 ya petroli itampendeza kila siku ya mwaka. Mkenya anayetaka magurudumu manne bila kuvuka cc 1,500 aitafute CR-V ya turbo.

Na kuna kundi la mwisho, pengine ndilo kubwa kuliko yote: wakazi wa mjini ambao barabara yao mbaya kuliko zote ni tuta la mtaa na dimbwi la mvua. Hao wanahitaji gari lililoinuka na matairi mazuri, basi. X-Trail na CX-5 za magurudumu mawili zipo, RAV4 pia, ni nyepesi, hula mafuta kidogo, na nyingi hazikuonja chumvi ya Hokkaido. Kabla ya kutuma fedha Japani, hesabu ni mara ngapi mwaka jana gari lako lilikwama. Kama ni chini ya mara tatu, nunua magurudumu mawili, na fedha inayobaki weka kwenye matairi manne mapya.